Viazi Vilivyogoma Kunyauka

Kwa wiki tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: vile viazi vya mama yangu ni chakula au ni sumu? Mtu mwingine angeuliza mara moja, akajibiwa, akalala. Mimi ni mtu ambaye nikijibiwa "sawa." yenye nukta mwishoni, naweza kushinda siku nzima nikiitafakari ile nukta. Kwa hiyo swali la sumu, ambalo lilistahili kabisa kutafakariwa, lilinikuta nikiwa na uzoefu wa kutosha.

Ubaya ni kwamba vile viazi niliviumba mimi. Najua neno hilo ni kubwa, lakini sijapata dogo linalotosha.

Mwaka wa mwisho wa chuo nilipewa kazi ya viazi mviringo. Wakulima wa nyanda za juu wote wanaujua mnyauko: leo shamba limesimama kijani, keshokutwa mashina yamelala kama watu waliochoka na sherehe. Hakuna dawa ya kupuliza. Lakini kiazi kina ndugu yake wa porini, asili yake ni milima ya ng'ambo ya bahari, ambaye mnyauko haumwambii kitu. Akili ya kawaida inasema wapandishe hao wawili, upake chavua ya ua hili kwenye ua lile. Tatizo ni kwamba maua yao hayakubaliani hata kidogo.

Basi kuna njia nyingine, na ndiyo niliyofundishwa. Seli ya mmea ina ukuta. Unachukua majani machanga ya kiazi chetu na ya yule wa porini, unayakatakata, unayaloweka kwenye vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta huo. Kesho yake seli zimebaki bila ukuta, zinaelea kama shanga za kijani. Unachanganya za huku na za kule, unadondoshea kemikali nzito inayovutika kama asali, kisha unatazama kwenye hadubini. Nyingi zinapishana tu. Chache zinagusana, zinanata, na taratibu viduara viwili vinakuwa kimoja. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilisahau kupumua. Kile kiduara kimoja ukikilea vizuri kwenye chupa kinajijengea ukuta mpya, kinagawanyika, kinakuwa donge, donge linachipua, na mwisho wa yote unao mmea wenye urithi wote wa pande mbili.

Nilipomweleza mama, alikuwa anapembua maharage. Akaniuliza, "Kwa hiyo uliziozesha?"

"Si kuozesha, mama. Zimeungana zikawa kitu kimoja. Huwezi kuzitenganisha tena."

"Basi hata ndoa ya kanisani haifiki huko," akasema, akaendelea na maharage yake.

Nilichosahau kumweleza ni kwamba urithi wote maana yake ni wote. Yule wa porini ana ugumu wake dhidi ya mnyauko, na ana uchungu wake pia: sumu ileile inayopatikana kwenye kiazi kilichoachwa juani kikawa kijani, ila yeye anayo nyingi. Kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana mimea yetu ilitakiwa ipimwe kabla mtu hajaiweka karibu na sufuria, na mashine ya kupimia iliharibika muhula wangu wa mwisho. Siku ya kusafisha banda la majaribio, vile viazi vidogo vilivyobaki vilitakiwa kuchomwa moto. Mwalimu wangu aliyesimamia kazi ile alinikabidhi bakuli, akanionyesha tanuru lilipo. Nilivichoma. Vyote isipokuwa vitano, vikubwa kidogo kuliko punje za mahindi, ambavyo vilijikuta kwenye mfuko wa koti langu la maabara.

Hapo naandika kama mtu ambaye hakuhusika, nami nilihusika. Niliviiba. Nilikuwa nimevilea miezi kumi na minne, na sikuweza.

Nikavipeleka nyumbani Mbozi, nikaviweka kwenye kopo tupu la majarini juu ya kabati, nikaenda Tunduma kutafuta riziki. Kazi ya seli ilikuwa haipo, ingawa mwalimu alisema mradi wake ukipata fedha angenichukua niwe msaidizi wa maabara. Huku nikingoja, niliajiriwa kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia. Madereva wanaingia na mavumbi yao, wanasalimia kwa Kibemba, "Mulishani", hata kama ni watu wa Tanga, nami nachapa: saruji, nondo, mchele, mbegu. Mzigo ukiwa mmea, nahakikisha cheti cha afya ya mimea kimeambatanishwa. Bila cheti, hata gunia moja la vitunguu halivuki. Katika jambo hilo nilikuwa mkali kuliko bosi wangu.

Mwaka na ushee ukapita. Kisha mama akanipigia.

"Wewe mtoto, vile viazi vyako vya kwenye kopo ni vya namna gani?"

"Kwa nini mama? Vimeoza?"

"Vioze? Si nilivipanda nyuma ya jiko mwaka jana, nikapata bakuli. Nikapanda hilo bakuli kwenye ule ukanda wa chini ya kahawa. Mwaka huu mnyauko umepiga kijiji kizima. Hakuna aliyebaki na shina. Vyangu vimesimama tu, vinatazama, mpaka wiki hii nimeanza kuvuna."

Naomba msomaji anisamehe: kwa sekunde kama kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tunduma. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Miezi kumi na minne ya chupa na hadubini, na kumbe vinafanya kazi! Vinafanya kazi shambani, kwenye udongo wenye ugonjwa, kwa mama yangu! Halafu sekunde ya kumi na moja ikafika.

"Mama, hamjavila?"

"Tule mbegu? Wewe umesomea nini hasa?"

Jumapili hiyo nikaenda kuona. Mama alikuwa ameshavuna, na alikuwa ameshagawa. Hapa inabidi nieleze mambo ya kwetu, maana bila hayo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Kijijini kwetu mbegu mpya haiuzwi. Jirani akija kuomba, unampa kadiri ya viganja viwili, naye hasemi asante, kwa sababu mbegu ikishukuriwa inaaminika haitaota. Anapokea, anaondoka kimya, kama mliogombana. Na mbegu ikishatoka mkononi mwako hairudi. Kuidai ni kama kumwambia mtu shamba lake likauke. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo, wala mama hajawahi.

Nyumba saba zilikuwa zimeshapokea. Jirani yetu wa karibu, rafiki wa mama tangu wote ni wasichana, ambaye mimi namwita mama mdogo, alipata zaidi ya wote. Alisaidia kuvuna, na msaidizi wa kuvuna hupewa ndoo.

Nilisimama ukumbini nikitazama sura ya mama. Katika miaka yote niliyomjua hajawahi kuwa mtu anayefuatwa kuombwa kitu. Yeye ndiye aliyekuwa anaomba. Sasa watu walikuwa wanapiga hodi kwake, wanaondoka kimya kwa heshima zote. Nikafungua mdomo niseme. Nikaomba maji ya kunywa.

Ndipo zile wiki tatu zilipoanza. Nilijipanga hivi: walioomba mbegu wameipanda, hawatavuna kabla ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo muda upo. Nikatunga uongo wa kila aina. Nitasema vina ugonjwa. Hapana, ndivyo pekee visivyougua. Nitasema serikali imevikataza. Watauliza serikali ilijuaje. Nitamwomba mwalimu avipime kimyakimya. Lakini ili avipime lazima nimwambie vimetoka wapi, na nikimwambia vimetoka wapi, kwaheri usaidizi wa maabara. Nilifikia hatua ya kutaka kuchemsha kimoja nile mwenyewe, nikaona kuwa nikipona haitathibitisha kitu, na nikiugua mama ataambiwa nimelishwa vibaya Tunduma.

Jumatano moja saa nne asubuhi, mlango wa ofisi ukafunguliwa, akaingia mama mdogo akiwa na kitenge kipya na ndoo yenye mfuniko.

"Shikamoo mama mdogo! Umefika lini?"

"Marahaba mwanangu. Sasa hivi. Navuka. Binti yangu wa Nakonde amejifungua juzi, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Nikasema siwezi kupita Tunduma bila kukuona."

Bosi akampisha kiti. Nikamletea soda. Akaniambia habari za kijiji, nani kaoa, nani kaezeka. Nami nilikuwa naitazama ile ndoo.

"Umebeba nini, mama mdogo?"

"Si vile viazi vyenu! Vingine nilipanda, hivi nikavibakiza. Nitamchemshia mzazi na kuku, apate nguvu, maziwa yashuke. Mama yako kanisaidia sana mwaka huu."

Ningependa kuandika kwamba niliruka pale pale. Nilimwambia hongera. Nikamwambia amsalimie dada na anibusie mtoto. Nikamfungulia mlango, akatoka na ndoo yake, nikarudi kwenye kiti, nikavuta nyaraka zilizofuata. Zilikuwa za lori la mbegu za mahindi. Nikasoma: je, bidhaa imekaguliwa na kuthibitishwa kuwa salama?

Nikamwambia bosi, "Narudi sasa hivi." Sikumngoja ajibu.

Anayeijua Tunduma anajua kukimbia kwenye ile barabara si mchezo. Malori yamesimama mstari usioisha, katikati yake mikokoteni, wabadilisha fedha na mabunda yao mkononi, na kila mtu anadhani unayekimbia umeiba au umeibiwa. "Sista, tumkamate nani?" mmoja akaniuliza, yuko tayari kunisaidia. Mama mdogo nilimkuta karibu na geti, anabishana na bodaboda juu ya kumbebea ile ndoo.

"Mama mdogo! Subiri!"

"He! Nimesahau nini?"

"Hivyo viazi. Usimpikie dada."

"Kwa nini?"

Uongo wote wa wiki tatu ulinijia kwa mpigo, ukagongana mlangoni, ukashindwa kutoka. Nikasema, "Nilivitengeneza mimi."

Alinitazama juu mpaka chini. "Ulivitengeneza wapi, wewe si unachapa karatasi?"

"Chuoni. Nilichukua kiazi chetu na kiazi cha porini nikaunganisha. Cha porini kina sumu. Hivi sijui kama vimeirithi. Havikupimwa. Vilitakiwa kuchomwa moto, mimi nikavificha."

Yule bodaboda alikuwa amezima injini asikie vizuri.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Na sisi wengine aliotupa?"

"Hamjui."

Mama mdogo akaishusha ndoo chini polepole, kama mtu anayetua mtoto aliyelala. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka masikio yanawaka. "Sasa mbona pale ofisini umenipa soda, ukaniambia nimbusu mtoto?"

Nikainama kuichukua ile ndoo.

"Mimi ningekuwa nimeshabandika sufuria," akasema. "Mtoto ana siku mbili ananyonya. Wewe ungekuwa unafanya nini? Unachapa?"

"Nisamehe, mama mdogo."

"Mama, mzigo unaenda au hauendi?" bodaboda akauliza.

"Hauendi! Huoni naongea na msomi?"

Bodaboda akacheka. Mama mdogo hakucheka, lakini alikaza midomo kwa namna ninayoijua, ya mtu anayezuia. Akaniambia kumwendea mzazi mikono mitupu haiwezekani, na kosa ni langu. Tukaenda sokoni pamoja. Nikamnunulia kuku, mchele, na viazi vya kawaida kabisa ambavyo vingenyauka vikipuliziwa pumzi tu. Ndoo nikabaki nayo. Kabla ya kupanda pikipiki akanishika bega.

"Nakaa huko mpaka Jumapili. Nikirudi nikakuta mama yako hajaambiwa, nitamwambia mimi. Na mimi sijui kusema taratibu."

Sikungoja Jumapili. Jioni ile ile nilikuwa Mbozi, ndoo mapajani. Mama alinisikiliza akiwa amesimama, kijiko cha ugali mkononi. Nilimweleza yote: tanuru, mfuko wa koti, uchungu usiotoka kwa kuchemshwa. Kilichomuumiza hakikuwa wizi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo unataka nizunguke nyumba saba nikidai mbegu?"

"Hapana. Nitazunguka mimi."

"Watasema nimewanyima."

"Nitawaambia ni mimi."

Kisha akaingia stoo akatoka na debe la maharage ya mbegu, yale yake mazuri mekundu anayoyachagua moja moja. "Usiende mikono mitupu. Mbegu unachukua, mbegu unaacha. Angalau isionekane tunakausha mashamba ya watu."

Kesho yake asubuhi nikatia guniani vya mama vilivyobaki, kisha nikaanza. Nyumbani kwa mama mdogo mumewe alichimba mwenyewe, akiuliza kama sumu yenyewe inaua panya. Ya pili walikuwa hawajapanda, wakanirudishia mfuko bila maneno mengi. Ya tatu walinicheka. Ya nne baba mwenye nyumba alinihubiria nusu saa juu ya elimu ya siku hizi. Niliona ana haki, nikasikiliza mpaka mwisho. Ya tano na ya sita tulichimba pamoja, na mashina yalikuwa yameshatoka nje, mafupi, yenye afya, mazuri mno. Kila shina nililolitia kwenye gunia niliona kama nang'oa jino langu.

Nyumba ya saba ni ya mjane mwenye watoto wanne. Mnyauko ulikuwa umemchukulia shamba zima, na viganja viwili vya mama alivipanda kwenye tuta moja mbele ya mlango, akaliwekea uzio wa miiba. Alinisikiliza, akalitazama lile tuta.

"Hivi ndivyo vilivyosimama vyangu vilipolala," akasema. "Unajua?"

"Najua."

"Na unataka nivitoe."

"Nataka vipimwe kwanza. Vinaweza kuwa salama. Sijui. Ningekuwa najua nisingekuja."

"Wewe unafikiri viko salama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Alitaka niseme ndiyo. "Nafikiri vina uchungu," nikasema. "Nafikiri itabidi kuvipandisha na kiazi chetu mara nyingine na nyingine, miaka kadhaa, mpaka uchungu utoke na ugumu ubaki. Safari hiyo ya pili maua yanaweza kukubali."

Akatoa mwiba wa kwanza kwenye uzio. "Chimba. Lakini siku vikiwa tayari, mlango wa kwanza ni huu. Usipite."

Nikamwambia sitapita. Akapokea maharage yake bila kusema asante.

Nilimpigia mwalimu nikiwa njiani kurudi, kwa sababu nilijijua: nikifika nyumbani nikakaa, nitaanza kufikiri.

"Dokta, shikamoo. Siku ile ya tanuru niliiba viazi vitano. Vimepandwa kijijini kwetu misimu miwili. Nimevikusanya vyote, ninavyo hapa."

Nikasikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Kuna aliyekula?"

"Hakuna."

"Una uhakika?"

"Nimepita kila nyumba, nimemuuliza kila mtu. Mmoja alikaribia. Nilimkimbilia."

Akaniambia nimefanya kosa ambalo lingeweza kuufunga mradi wake, na kwamba ile nafasi ya msaidizi nisiihesabu tena kuwa yangu. Alisema kwa upole, ikawa mbaya zaidi. Nikasema naelewa. Nilidhani angekata simu.

"Huo mnyauko," akasema, "ulikuwepo kweli hapo shambani, au ni maneno ya watu?"

"Ulimaliza vya majirani wote, Dokta. Vilivyokuwa tuta la pembeni yake vilikufa."

"Shona magunia mdomo. Usiache hata kimoja nyuma, niletee na udongo kidogo kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Uje mwenyewe, uandike maelezo yote kwa mkono wako na usaini."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi ya Mlowo na magunia mawili. Konda akataka kuyatupa buti. Nikamwambia hayaendi buti, nimeyalipia kiti, yanakaa na mimi.